Mfereji wa Mgongoni

Mwantumu binti Nkungu, fundi cherehani wa mtaa mmoja pale Singida mjini, hakuwa mtu wa kulala mchana. Wanaolala mchana, alizoea kusema, ni watoto wachanga na wanaume waliostaafu. Lakini siku hiyo ilimshinda. Tangu alfajiri alikuwa na neno moja la kumwambia mama mkwe wake, Bi Saumu, na tangu alfajiri neno hilo lilikuwa likipanda hadi kwenye meno na kurudi lilikotoka. Neno lenyewe lilikuwa fupi. Alikuwa na mimba. Ilikuwa changa mno, ndiyo kwanza amekosa siku zake, na hakuwa ameitaja kwa mtu yeyote. Mumewe Athumani alikuwa safarini na lori la alizeti, hajui. Wifi yake Mwajabu hajaambiwa. Bi Saumu, ambaye waliishi naye ua mmoja na kula naye sinia moja, hajaambiwa vilevile.

Mtu wa mbali atauliza kuna shida gani kuisema habari njema kama hiyo. Atauliza hivyo kwa sababu hajakaa nyumba ile. Pale mimba changa haisemwi. Mwenye nayo hujifanya hana, walio karibu naye hujifanya hawaoni, na wote hujifanya hivyo kwa adabu kabisa mpaka tumbo lenyewe lianze kusukuma meza. Ukiitaja mapema, husemwa, umeianika mbele ya wenye macho mabaya. Na Mwantumu alikuwa na sababu ya kuyaogopa macho kuliko wenzake, kwa maana mtoto wake wa kwanza, Zuhura, alizaliwa na mgongo wazi. Hapo chini karibu na kiuno ngozi na mfupa havikuwa vimekutana, pakawa na kidonda ambacho madaktari walikishona na hakikutosha. Zuhura aliishi mpaka akajua kucheka, kisha akaondoka. Baada ya matanga, muuguzi mmoja wa kliniki alimweka Mwantumu kitako akamweleza polepole kwamba mgongo wa mtoto hufungwa mapema sana, mama mwenyewe akiwa hajajijua sawasawa, na kwamba iko vitamini iitwayo asidi ya foliki ambayo husaidia. Yeye aliyekwisha kupata mtoto wa namna ile alitakiwa ameze vidonge vyake kila siku, kabla ya kushika mimba na katika miezi yake ya mwanzo.

Akavimeza, bila kuruka hata siku. Kisha siku zake zikakatika, na asubuhi moja Mwajabu akakiona kidonge kiganjani mwake, akamuuliza anaumwa nini. Aliuliza kwa tabasamu, wala hakuwa na nia mbaya. Mwantumu alimjibu kwamba kichwa kinamgonga, na tangu siku hiyo hakumeza tena, kwa kuhofia kwamba kidonge kitamsemea. Ndivyo akili nzuri inavyoweza kumchezea mtu. Aliacha dawa ya mtoto ili kumlinda mtoto, na usiku akawa hapati usingizi kwa kuuogopa mgongo wa huyohuyo mtoto.

Basi asubuhi ile alikuwa ameamua kusema na liwalo liwe. Alipotoka uani alimkuta Bi Saumu akichambua mchele pamoja na jirani, na jirani alikuwa katikati ya habari ya msichana wa mtaa wa pili aliyetangaza mimba yake ikiwa bado ya wiki chache, na wiki iliyofuata ikatoka. Watu wa siku hizi hawana haya, alimalizia jirani. Bi Saumu alitikisa kichwa tu. Mwantumu alikipokea kile kichwa kilichotikiswa kama hukumu ya mahakama. Alirudi kwenye cherehani yake, akashona mkono wa gauni kinyume, akaufumua, akaushona tena kinyume. Ilipofika alasiri aliona macho hayaendi, akajilaza kwenye mkeka kando ya cherehani, dakika moja tu, utepe wa kupimia ungali shingoni. Usingizi haukumuuliza anataka dakika ngapi.

Akajiona amesimama mbele ya lango, katika nchi yenye joto la maji ya kuoga na mwanga usiokuwa na jua. Mlinzi wa lango alikuwa bwana wa makamo, kanzu yake nyeupe imepigwa pasi, ananukia udi, na sauti yake ilikuwa laini kiasi cha kumfanya mtu ainamishe kichwa ili aisikie. Alijitambulisha kuwa ni Ukimya. Alimkaribisha kama mtu anayemkaribisha ndugu yake, na Mwantumu naye aliona kama anamfahamu, kama kwamba bwana huyu amekuwa akikaa siku zote pale nyumbani kwenye pembe ya sebule, ila hajawahi kupewa kiti. Nje ya lango, nyuma ya mgongo wa yule bwana, yalirundikana marobota ya uzi wa kijani, rangi ya mchicha uliochumwa asubuhi. Mwantumu hakuweza kupita bila kuushika. Ulikuwa uzi mzuri, haukatiki. Aliuliza ni wa nani na mbona umeachwa nje. Bwana Ukimya aliweka kidole mdomoni, akatabasamu, akamfungulia apite, kisha akafunga kwa ufunguo nyuma yake. Alimwomba jambo moja tu, kwa upole mwingi, kwamba humo ndani asiseme na mtu.

Hakuwa amepita peke yake. Mwanamke mwembamba, macho makavu ya kukosa usingizi, alikuwa amejipenyeza naye langoni na kushika pindo la khanga yake. Huyo alikuwa Wasiwasi. Alikuwa na maswali na hakuwa na subira ya kungoja majibu. Je, mgongo utafunga safari hii? Usipofunga? Athumani utamwambia nini? Na ile siku uliyobeba ndoo mbili? Mwantumu alimpiga kofi mkononi, akaivuta khanga yake, akamwambia aende zake. Wasiwasi aliachia kidogo, kisha akashika tena. Hivyo ndivyo walivyotembea katika nchi ile tangu mwanzo hadi mwisho, mmoja akikokota na mwingine akikokotwa.

Mbele kidogo aliwalaki mwanamke wa rika la Mwantumu, mikono ya gauni ameikunja, mtandio ameufunga kiunoni kama mtu aliye kazini. Macho yake yalikuwa ya kutazama kitu mpaka kiishe. Aliitwa Makini. Alisema ametumwa amwonyeshe mwenye mji jinsi mji wake unavyojengwa, kwa kuwa si vizuri mtu akamilikishwa asichokijua. Mwantumu alijibu kwamba lazima kuna makosa, yeye hana mji, ana cherehani tu na hiyo nayo pedeli yake mbovu. Makini hakucheka. Alimshika mkono akampeleka hadi kwenye uwanda uliokuwa tambarare na mdogo, ambao ulizidi kukua kadiri ulivyoutazama, na juu yake walikuwa watu wengi wasiohesabika, wote wa sura moja, hakuna mkubwa wala mdogo, hakuna mwenye cheo. Katikati ya uwanda palipita mfuo mrefu kama mchirizi wa maji, na watu wale walikuwa wakiuendea kwa makundi, wakitumbukia humo kimyakimya kama watu wanaoingia mlango wa chini.

Makini alimweleza kinachotendeka. Waliotumbukia mwanzo walishuka mpaka chini kabisa, wakatandaza makazi yao huko, nao ndio Watu wa Ndani. Waliofuata walienea katikati, nao ndio Watu wa Kati. Waliobaki juu bila kushuka ndio Watu wa Nje. Koo tatu, na kila kitakachokuwako katika mji huu, kuanzia ukucha hadi ini, kitatoka kwenye mojawapo au kwenye kushirikiana kwao, na zote asili yake ni nyumba moja. Mwantumu alikuwa amekwisha kulisahau ombi la Bwana Ukimya, akauliza ni nani anayewaambia wa kushuka ashuke na wa kubaki abaki, kwa maana hakumwona msimamizi wala kusikia filimbi.

"Kila mtu hapa huambiwa na jirani yake," Makini alisema. "Hakuna anayekuja akijua kwamba yeye ni figo au ni ukope. Anaambiwa, anaitikia, na yeye anamwambia wa pili. Ukitazama haraka utadhani mji huu unajengwa kwa nyama na mfupa. Unajengwa kwa kuambizana. Mahali wanapoacha kuambizana, ndipo panapobaki shimo."

Maneno hayo yalimkaa Mwantumu vibaya, lakini Makini alikuwa amekwisha kuanza kushuka. Kwa Watu wa Ndani palikuwa shwari. Walikuwa wamelishika tabaka lao pande mbili na kulikunja taratibu liwe bomba moja refu, la kutoka kinywani hadi mwisho wa safari ya chakula, na ubavuni mwa bomba palikuwa pameanza kuchipua vitumba. Kimoja kingekuwa ini, kingine kongosho, na kimoja kilikuwa tayari kujigawa mara mbili, hayo ndiyo mapafu, mifuko ambayo bado haikuwa na habari ya upepo. Kiongozi wao alikuwa mwanamke mnene aliyeitwa Kiasi, na kazi yake ilikuwa kuonja. Kila kilichopita alikionja, akachukua cha kutosha, akaacha kingine kiende. Pembeni Ulafi alikuwa amekaa kwenye kigoda akisubiri Kiasi asinzie, na ilionekana kwamba amesubiri muda mrefu bila mafanikio. Wasiwasi hakukawia kuuliza kama bomba halina tundu. Kiasi alimjibu bila kugeuka kwamba bomba ni zima, na kwamba akitaka kusaidia asimame kando. Kwa mara ya kwanza siku hiyo Mwantumu alishusha pumzi.

Kwa Watu wa Kati kelele zilianza kusikika mbali. Hao ndio waliokuwa na kazi nyingi kupita wote. Walikuwa wakipanga matofali mawilimawili, moja kulia na moja kushoto, tangu shingoni kuelekea kiunoni, na Makini alisema hayo ndiyo yatakayotoa mifupa ya mgongo na mbavu, na misuli ya kuinamia na kuinukia. Wengine walichimba mahali pa figo. Wengine walikoroga damu. Na mbele yao palisimama kijana mmoja, jasho linamtoka, anatwanga kinu ambacho ndani yake hamkuwa na kitu cha maana bado. Huyo aliitwa Ukarimu. Alitwanga na kugawa, akatwanga na kugawa, akipeleka juu na chini kwa watu ambao hawakuwa wamemwomba, wala hakujiwekea hata tone. Mwantumu alitambua ni mapigo ya nini. Alisimama pale, akalia bila kuona haya, kwa sababu hakuwa amejua kwamba mlio huo ulikuwa umeanza. Alikuwa amejiweka tayari kwa msiba kiasi kwamba hakuacha nafasi ya kufikiri kuwa ndani yake kuna mtu tayari anafanya kazi.

Chini ya kazi zile zote, katikati kabisa ya uwanda, alikuwa amelala mtu mrefu mwembamba aliyenyooka kama rula, uso ameuelekeza juu. Makini alisema huyo ni Nasaha. Hakuwa na mikono ya kujengea. Kazi yake yote ilikuwa kusema. Alikuwa akiwaambia Watu wa Nje waliokuwa juu yake, bila kuchoka na bila kupaza sauti, kwamba wao walio sawasawa na mwili wake wasiwe ngozi kama wenzao, bali wazame, wawe wale watakaojua. Mwantumu aliinama akamsikiliza. Alitamani na yeye angekuwa na mtu kama huyo chini ya mkeka wake.

Walipopanda kwa Watu wa Nje, alikuta wanaongozwa na dada wawili pacha, Stara na Akili, ambao walikuwa wameshikana mikono. Stara alikuwa na kazi ya kufunika, yaani ngozi yote na nywele na kucha na ile rangi ngumu inayong'aa juu ya meno. Akili alikuwa na kazi ya kujua, yaani ubongo na uti wa mgongo na mishipa yote ya fahamu inayotoka humo kwenda kila kidole. Mwantumu alishangaa sana. Siku zote alidhani ubongo ni jamaa ya moyo na mambo ya ndani, kumbe ni ndugu wa damu wa ngozi. Makini alimwambia asishangae, ajikumbuke mwenyewe, hofu ikimwingia kichwani ni nani hupata habari wa kwanza kama si ngozi ya mikono. Wakati huo ngozi ya Mwantumu ilikuwa imesisimka kweli, kwa maana alikuwa ameona kile alichokuja kukiona.

Katikati ya nchi ya Watu wa Nje ulipita mfereji mrefu, kuanzia panapotakiwa kuwa kichwa hadi panapotakiwa kuwa kiuno. Akili alikuwa ameshuka humo na watu wake, na Stara alikuwa akizivuta kingo mbili za mfereji zikutane juu ya dada yake, zimfunike, ndipo wangeachana mikono. Mwantumu aliielewa kazi ile mara moja. Ilikuwa ni kukunja pindo la kupitishia lastiki, tena pindo refu, na mafundi walikuwa wameanzia katikati wakashona kwenda pande zote mbili. Upande wa kichwa walikuwa wamebakiza kidogo. Kisha akageuza uso upande wa kiuno. Huko kingo zilikuwa zimeachana, pana, wazi, na maji ya ile nchi yalikuwa yakilamba watu wa Akili waliokaa humo bila kifuniko. Mafundi walikuwa wamesimama pande zote mbili, sindano mikononi, wanatazamana. Hawakuwa na uzi. Ilikuwa ni palepale. Mahali alipokuwa akimsafisha Zuhura kwa pamba na maji ya chumvi, akimwimbia ili asisikie mikono yake ikitetemeka, ni palepale.

Kabla hajapata la kusema, kiti kiliburutwa, akaketi mwanamke mmoja mwenye kidole kirefu kuliko mkono wake. Alikuwa ni Lawama. Alikuja na mengi na aliyatoa kwa mpangilio mzuri. Mwantumu alishona siku ya Ijumaa watu wakiwa msikitini. Mwantumu aliruka kamba ya mbuzi akiwa na mimba ya Zuhura. Mwantumu alipokuwa msichana alimcheka mtu aliyekuwa akitembea kwa magongo, na mbingu hazisahau. Yote hayo Mwantumu alikuwa ameyasikia msibani, yakisemwa karibu na mlango kwa sauti ya kujifanya haitaki kusikika. Aliyaamini wakati ule na aliyaamini sasa. Alipiga magoti kwenye ukingo wa mfereji akataka kuomba msamaha, hajui amwombe nani. Wasiwasi, ambaye hata yeye alikuwa ameishiwa maswali, alimkumbatia mgongoni.

"Mtazame mikono," Makini alimwambia. "Lawama hajawahi kushika sindano. Katika miji yote niliyotembea sijaona hata uzi mmoja alioutia yeye. Kwa yule wa kwanza hukuwa na kosa, Mwantumu. Hukujua, wala hakuna aliyekuwa amekuambia. Na iko mifereji inayoshindwa kufunga ingawa uzi ulikuwapo tele, sababu zake hatuzijui sote, wala sitakudanganya kwamba huu utafunga kwa hakika. Lakini uzi wa huu umeuona kwa macho yako. Uko nje ya lango."

Mwantumu alimuuliza kama muda bado upo. Makini aliutazama mfereji kwa macho yake yale ya kumaliza kitu, na alipojibu sauti yake haikuwa ya utulivu tena. Alisema mafundi wa nchi hii hawarudi nyuma kufumua. Likipita, limepita. Alisema pia kwamba asimfukuze yule mwembamba anayemshika khanga, kwa kuwa maswali yake si mabaya. Ubaya ni kwamba siku zote amekuwa akimuuliza mtu asiyejua majibu, katika giza, badala ya kupelekwa kwa wanaojua.

Mwantumu alikimbia. Alipita kwa Ukarimu, akapita kwa Kiasi, na nchi ile ambayo wakati wa kuja ilikuwa ndogo sasa ilikuwa kubwa, kila hatua inaongeza njia. Mbele yake, badala ya nyuma, alikimbia Wasiwasi, maana huyo alikuwa akizijua njia zote kwa kuzizunguka kila usiku. Walifika langoni wakihema. Bwana Ukimya alikuwa ameketi palepale, kanzu yake haina hata kunyanzi. Mwantumu alimwambia afungue, uzi uingie. Bwana Ukimya alimpa pole kwa kuchoka. Alimkumbusha, kwa ule upole wake, jinsi watu walivyosema safari ile ya Zuhura, na kwamba yeye peke yake ndiye ambaye hakumsema. Nani mwingine angemlinda na midomo ya mtaa? Alisema lango hufunguka kwa neno moja tu, analijua, na akitaka alitamke, lakini kama mtu anayempenda asingemshauri.

Neno lilikuwa lilelile la tangu alfajiri. Mwantumu alifungua kinywa. Bwana Ukimya aliinua kiganja chake kinachonukia udi na kumfunika mdomo, polepole, kama unavyomfunika mtoto aliyelala. Alijaribu tena, kiganja kikabaki palepale. Alisikia, mbali nyuma yake, sindano zikianguka moja moja, mafundi wakizitua chini kwa kuchoka kungoja. Alimng'ang'ania yule bwana kwa mikono miwili na hakumpata, maana palikuwa na kanzu tu na harufu. Pumzi zilimwishia. Ndipo Wasiwasi, ambaye amepigwa na kusukumwa nchi nzima, alipokishika kile kiganja kwa meno na kukivuta, na Mwantumu akalitoa lile neno kwa nguvu zote zilizobaki. Sauti yake mwenyewe ndiyo iliyomwamsha.

Jua la alasiri lilikuwa bado ukutani. Bi Saumu alikuwa amesimama mlangoni na ungo mkononi, akimtazama.

"Mwanangu, unaweweseka nini mchana huu?"

Mwantumu aliketi, shingo imelowa jasho. Kwa desturi ndoto hukimbia mtu anapoketi, lakini hii ilibaki, na maana yake ilikuwa ikimfunukia kwa kasi iliyomtisha kuliko ndoto yenyewe. Uzi ulikuwa kwenye droo ya cherehani yake, pale alipovificha vidonge. Aliyeufungia nje alikuwa yeye, kwa adabu yake mwenyewe, na humo ndani mwake watu walikuwa wanangoja. Hakujua kama bado wanangoja.

"Mama," alisema, "nina mimba."

Bi Saumu hakushtuka. Aliutua ungo chini, akakaa kwenye kigoda cha wateja.

"Najua. Nimejua tangu ulipoanza kuikimbia harufu ya chai. Nikanyamaza nikusitiri. Hata asubuhi nilimtikisia kichwa yule mwanamke aache maneno yake, asikutie hofu."

Ikabidi sasa Mwantumu aseme yaliyobaki, na hayo ndiyo yalikuwa mazito. Alimweleza habari ya muuguzi, na mgongo unavyofungwa mapema kabla mtu hajawa na tumbo, na vidonge, na siku Mwajabu alipouliza, na kwamba tangu siku hiyo hajameza. Alisema yote akiwa ameutazama mkeka.

"Uliacha dawa ya mtoto ili mimi nisione?"

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nilikuwa nimeshaona," alisema Bi Saumu.

Kisha alisimama, akatoka, na Mwantumu akasikia mfuniko wa mtungi ukifunuliwa. Aliporudi alikuwa na kikombe cha maji. Mwantumu alikuwa amekwisha kuvuta droo, amekitoa kidonge na kukishika kiganjani, ila hakukipeleka mdomoni. Alisema huenda amechelewa. Alisema huenda mgongo umeshapita wakati wake, umefunga au haukufunga, na hakuna anayejua. Bi Saumu alimkubalia kwamba huenda, hajui, wala hatajifanya anajua. Wataenda kliniki sasa hivi wakaulize, na yule muuguzi kama hayupo watamwuliza mwingine. Akaushika ule mkono wenye kidonge.

"Lakini kwanza meza. Meza hapa, nikiona."

Mwantumu alimeza. Bi Saumu alimtazama mpaka maji yakaisha kikombeni, kisha akageukia uani na kumwita Mwajabu, kwa sauti ambayo lazima jirani aliisikia, na nyumba ya pili kutoka kwa jirani, alete viatu vya wifi yake upesi, wanakwenda kliniki, wifi yake ana mimba.